Je, wajua kwa nini kiwango cha juu cha kodi ya mapato hakitoshi kukuambia nani hasa anailipa?

Mwaka 1799 Uingereza ilikuwa vitani na Ufaransa na hazina yake ilikuwa imekauka. Waziri Mkuu William Pitt akaanzisha kodi ya mapato. Aliyepata chini ya pauni 60 kwa mwaka hakutozwa kitu, kuanzia hapo kiwango kilipanda kidogo kidogo, na waliofikia pauni 200 na kuendelea walitozwa asilimia 10. Pitt alitegemea pauni milioni 10 katika mwaka wa kwanza. Zikaingia kama milioni 6. Amani ilipopatikana mwaka 1802 kodi hiyo ikafutwa, lakini vita vikarudi, na mwaka 1803 mrithi wake, Henry Addington, akairejesha kwa kiwango cha juu cha asilimia 5 tu, yaani nusu ya kile cha Pitt. Ajabu ni kwamba makusanyo yalipanda kwa takriban nusu na idadi ya walipa kodi ikaongezeka maradufu.

Addington aligawa kipato kwa aina zake (ardhi, kilimo, biashara, mishahara na kadhalika), na akaagiza sehemu kubwa ya kodi ikatwe pale pale pesa inapotoka, kabla haijamfikia mwenyewe. Mtu hakuombwa tena ajitaje jumla ya utajiri wake na kuaminiwa. Wote wanaokatwa PAYE kwenye mshahara leo wanaishi ndani ya wazo hilo.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu mijadala ya kodi kila mahali huzunguka namba moja: asilimia ya juu kabisa. Mmoja anasema ipandishwe ili matajiri walipe, mwingine anasema ishushwe ili uchumi upumue. Namba hiyo ina uzito wake, lakini ndiyo inayodanganya kuliko zote. Kipi kinahesabiwa kuwa kipato, kodi inaanzia wapi, inakatwaje na pesa inakwenda wapi ndiyo mambo yanayoamua kama pengo la kipato kati ya tajiri na maskini litapungua na kama serikali itapata chochote cha maana.

Tufanye hesabu kidogo. Chukua nchi ya kufikirika isiyotoza kitu kwenye 1,000 za kwanza za kipato. Kuanzia hapo hadi 3,000 inatoza asilimia 10, hadi 6,000 asilimia 20, na zaidi ya hapo asilimia 30. Kila kiwango kinagusa kipande chake tu, hakigusi kipato chote. Kwa hiyo anayepata 2,000 analipa 100, ambayo ni asilimia 5 ya kipato chake. Anayepata 6,000 analipa 800, kama asilimia 13. Anayepata 20,000 analipa 5,000, asilimia 25 kamili. Hakuna hata mmoja kati yao anayelipa asilimia 30 ya kipato chake, ingawa ndiyo itakayoandikwa kwenye vichwa vya habari.

Hesabu hiyo inaondoa pia hofu iliyozagaa sana, kwamba nyongeza ya mshahara ikikuvusha ngazi utabaki na kidogo kuliko mwanzo. Anayetoka 6,000 hadi 6,100 anaongezewa kodi ya 30 tu. Alibakiwa na 5,200, sasa anabakiwa na 5,270. Hatari ya kweli ya kupoteza kwa kuongezewa ipo kwenye misaada inayokatwa ghafla kipato kikivuka kiwango fulani, na huwapata zaidi watu wa kipato cha chini.

Sasa rudi kwa yule wa 20,000. Tuseme mshahara wake ni 8,000 tu, na 12,000 zilizobaki ni faida ya kuuza hisa, ambayo sheria inaitoza asilimia 10 pekee. Kwenye mshahara atalipa 1,400 na kwenye hisa 1,200, jumla 2,600. Hiyo ni asilimia 13 ya kipato chake, na kwa hakika ni pungufu kidogo ya anacholipa yule mfanyakazi wa 6,000. Hakuna kiwango kilichobadilika. Asilimia 30 bado imeandikwa kwenye sheria, na waziri anaweza kuisoma bungeni kwa sauti kubwa. Kilichobadilika ni jina la kipato, na kwa jina hilo ngazi nzima imelala chini. Mwenye mshahara hana jina lingine la kuupa mshahara wake. Mwenye kampuni anayo mengi: gawio (fungu la faida wanalogawiwa wenye hisa), mkopo kutoka kampuni yake mwenyewe, faida ya mauzo ya mali, au faida isiyotolewa kabisa bali inabaki ndani ya kampuni ikikua. Kwangu mimi, hapa ndipo haki ya mfumo wa kodi inapopimwa kwanza, kabla ya kuzungumzia asilimia yoyote.

Historia ya Marekani inaonyesha jambo hili kwa ukubwa wake. Kuanzia 1954 hadi 1963 kiwango cha juu huko kilikuwa asilimia 91, lakini kwa wanandoa kilianza kwenye dola 400,000, pesa nyingi mno kwa wakati ule, na waliokilipa hasa walikuwa wachache sana. Mwaka 1965 kilikuwa asilimia 70, mwaka 1982 kikashuka hadi 50, na mwaka 1988 kikawa 28. Katika miongo iliyofuata, fungu la kipato la asilimia 1 ya juu lilipanda sana. Wachumi wanabishana ni kiasi gani cha kupanda huko kilisababishwa na kodi na kiasi gani na teknolojia, biashara ya dunia au kudhoofika kwa vyama vya wafanyakazi. Hoja moja inastahili kufikiriwa: kodi ikichukua karibu kila dola inayoongezwa juu, mkurugenzi hana sababu kubwa ya kupigania mshahara mnono zaidi. Kodi ikishuka, kila dola anayoing'ang'ania ni yake. Kwa njia hiyo kodi hubadilisha hata kipato cha kabla ya kodi.

Na mapato ya serikali je? Kuna mchoro maarufu unaohusishwa na mchumi wa Marekani Arthur Laffer, ambaye inasimuliwa aliuchora kwenye kitambaa cha mkono katika mgahawa mmoja wa Washington mwaka 1974. Kodi ya asilimia 0 haileti kitu, na ya asilimia 100 haileti kitu pia kwa sababu hakuna atakayejisumbua kupata au kutangaza kipato. Kwa hiyo katikati kuna kilele, na ukikipita unapunguza makusanyo yako mwenyewe. Wazo hilo ni la zamani. Ibn Khaldun, mwanazuoni aliyezaliwa Tunis, aliandika katika karne ya 14 kwamba dola changa hutoza kidogo na kukusanya vingi, na dola inayochakaa hutoza vingi na kukusanya kidogo.

Swali ni kilele kiko wapi. Wachumi Peter Diamond na Emmanuel Saez walikokotoa mwaka 2011 kwamba, kwa Marekani, kiwango cha juu kinacholeta mapato mengi zaidi kutoka kwa matajiri kinakaribia asilimia 73, ukijumlisha kodi zote zinazoangukia kipato hicho. Lakini jibu hilo linategemea jinsi kipato kinachotangazwa kinavyosinyaa kodi inapopanda. Walichukua makadirio ya wastani. Ukisema kipato kinasinyaa mara mbili ya makadirio yao, kanuni hiyo hiyo inatoa kama asilimia 57. Na je, kipato hicho husinyaa kwa sababu gani? Kwa sehemu ni watu kufanya kazi kidogo zaidi, lakini kwa walio juu kabisa ni zaidi kuhamisha: kuuza hisa mwaka huu badala ya ujao, kugeuza mshahara kuwa gawio, kupeleka pesa nje. Mambo hayo hutegemea mianya iliyoachwa na sheria yenyewe. Serikali iliyoacha mianya wazi itafika kwenye kilele mapema na kulalamika kwamba matajiri hawatozeki. Ikiiziba, kilele kinasogea juu.

Ufaransa ilijaribu kutoza asilimia 75 kwenye mishahara inayozidi euro milioni moja. Baraza la Katiba liliikataa sheria ya kwanza mwishoni mwa 2012, ikaandikwa upya ili kampuni ndizo zilipe, na ikatumika kwa mishahara ya 2013 na 2014. Ilileta kama euro milioni 420 kwa miaka yote miwili. Kwa bajeti ya nchi ile hicho ni kiasi kidogo mno, na makelele yake yalikuwa makubwa kuliko faida. Ilikuwa kodi ya juu sana kwenye kipande chembamba sana.

Upande wa pili kuna kiwango kimoja kwa wote. Estonia ilianza nacho mwaka 1994 kwa asilimia 26, na Urusi mwaka 2001 iliacha ngazi zake za 12, 20 na 30 ikaweka asilimia 13. Makusanyo ya Urusi yalipanda baada ya hapo, na nchi nyingi zikaichukua kama ushahidi. Uchunguzi uliochapishwa na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 2005 ulionyesha kuwa sehemu kubwa ya ongezeko ilitokana na mishahara kupanda, ingawa walioshushiwa kiwango walianza kutangaza vipato vyao kwa uaminifu zaidi. Mwaka 2021 Urusi yenyewe ilianza kuongeza ngazi, na tangu 2025 ina tano, hadi asilimia 22. Ifahamike pia kwamba kiwango kimoja chenye kima kisichotozwa bado kinapanda na kipato. Katika nchi yetu ya kufikirika, asilimia 20 juu ya kila kinachozidi 1,000 ingemtoza yule wa 2,000 asilimia 10 ya kipato chake, na yule wa 20,000 asilimia 19. Ila tazama nani ameongezewa mzigo: yule wa chini, maradufu.

Jambo linalosahaulika mara nyingi zaidi ni matumizi. Wachukue wale watatu, wa 2,000, wa 6,000 na wa 20,000. Wa juu anapata mara 10 ya wa chini. Tumia ngazi zetu za kwanza na ukusanye 5,900, kisha pesa hiyo ipotelee kwenye mambo yasiyomgusa yeyote kati yao: wanabakiwa na 1,900, 5,200 na 15,000, na pengo bado ni karibu mara 8. Sasa watoze wote asilimia 25 bila ngazi wala msamaha, lakini makusanyo ya 7,000 yarudi kwao kwa mafungu sawa, tuseme kama shule na matibabu. Wa chini anaishia na 3,833 na wa juu 17,333. Pengo limeshuka hadi mara 4.5. Kodi isiyo na ngazi hata moja imelipunguza pengo kuliko ile yenye ngazi nne. Ukiunganisha yote mawili, yaani ngazi zetu na mafungu sawa, pengo linakuwa mara 4.4 kwa kukusanya 5,900 tu badala ya 7,000, na hapo ndipo ubora wa ngazi unapoonekana.

Ndivyo ilivyo katika nchi tajiri. Shirika la OECD, linalounganisha nchi nyingi tajiri, lilikadiria kuwa kama robo tatu ya upungufu wa pengo la kipato katika nchi wanachama wake hutokana na malipo yanayorudi kwa kaya, kama pensheni na posho za watoto, na iliyobaki hutokana na kodi. Shirika hilo hilo lilionyesha mwaka 2008 kwamba kodi za kaya za Marekani zilikuwa miongoni mwa zinazowaelemea walio juu kuliko wa chini kwa kiwango kikubwa zaidi, kuzidi hata zile za Sweden au Denmark. Lakini nchi hizo za Skandinavia hukusanya kwa wingi kutoka kwa karibu kila mtu, na kinachokusanywa hurudi.

Nafuu za kodi nazo zina mtego wake. Ukiwaruhusu watu watoe 1,000 kwenye kipato kinachotozwa, yule wa ngazi ya asilimia 30 anaokoa 300, wa asilimia 10 anaokoa 100, na aliye chini ya kima haokoi kitu. Ukitoa nafuu kwenye kodi yenyewe, kila anayelipa anapata kiasi sawa. Ni pale tu serikali inapokubali kumlipa hata asiye na kodi ya kukatwa ndipo walio chini kabisa wanapofikiwa, kama Marekani ilivyoanza kufanya mwaka 1975 kwa wafanyakazi wa kipato cha chini.

Na kuna kupandishwa kodi kusikotangazwa. Bei zikipanda kwa asilimia 10 na mshahara wa 2,000 ukawa 2,200, uwezo wa kununua haujaongezeka. Lakini ngazi zikibaki zilipokuwa, kodi inatoka 100 hadi 120, na fungu lake kwenye kipato linatoka asilimia 5 hadi karibu 5.5. Aliyekuwa chini kidogo ya 1,000 naye anaingia kwenye kodi kwa mara ya kwanza. Marekani ilifunga mlango huo kwa sheria inayosogeza ngazi pamoja na bei kila mwaka tangu 1985. Uingereza ilichagua kinyume: kima chake kisichotozwa kimekwama kwenye pauni 12,570 tangu 2021, kupitia miaka ambayo bei zilipaa, na mamilioni ya watu wameingizwa kwenye kodi au kusukumwa ngazi ya juu bila viwango vikuu vya kodi ya mapato kupandishwa.