Hamsini siyo namba takatifu

Imetokea tena wiki hii. Natoka kwenye bodi ya mitihani, laptopu mkononi na mafaili kwapani, mwalimu mwenzangu mmoja, mpasuaji ninayemheshimu sana, ananisimamisha mlangoni: "Dokta, yani sasa mmefikia kuwapasisha watoto kwa 47? Enzi zetu hamsini ilikuwa hamsini." Na mwaka jana pepa ya mwaka wa tatu alama ya kufaulu ilipotoka 61 walionijia walikuwa wanafunzi, wawakilishi watatu, wamenuna, wanasema tumewaonea, kwa nini tusiweke hamsini kama kozi zingine. Pande mbili zinazopingana lakini imani ni moja, kwamba hamsini ndo kufaulu kwenyewe, ukishuka hapo unawabeba, ukipanda unawakomoa. Katika miaka yote niliyosimamia mitihani ya udaktari hakuna swali nililolijibu mara nyingi kama hili, kwa hiyo leo naliandika lote na atakayeniuliza tena namtumia linki.

Chukua pepa ya kweli au si kweli. Mtu ambaye hajawahi kufungua kitabu cha fiziolojia anarusha sarafu kila swali, anapata hamsini. Hamsini hapo maana yake hajui kitu. Sasa chukua maswali ya kuchagua yenye majibu matano. Mwanafunzi anayejua kwa uhakika 37.5% ya maswali, yale mengine akaotea tu, ataokota moja ya tano ya 62.5, ambayo ni 12.5, jumla hamsini. Yani umempa koti jeupe mtu anayejua theluthi na kidogo ya ulichomuuliza. Halafu rudi kwenye maswali ya kujieleza, pale hakuna kuotea kwa namna hiyo, hamsini ya pale inaweza kuwa imetoka jasho kweli. Namba ni ile ile, watu watatu tofauti kabisa.

Na hapo sijagusa ugumu wa pepa. Nipe nusu siku naweza kukutungia pepa ambayo darasa zima linapata 80 na nyingine, silabasi hiyo hiyo, ambayo maprofesa wenyewe watatoka na 45. Ukishikilia hamsini kwenye zote mbili hujalinda kiwango, umeacha kiwango kiamuliwe na mtunzi wa maswali alikuwa na hali gani siku hiyo.

Kuna wanaosema basi felisha asilimia kumi ya mwisho kila mwaka. Hapana. Darasa likiwa zuri lote unamfelisha mtu anayeweza kazi, likiwa bovu lote unampitisha wa hatari kwa sababu tu wenzake ni wa hatari zaidi. Mgonjwa hatibiwi na nafasi ya mtu darasani.

Tunachofanya sisi kwenye pepa za kuandika ni njia ya Angoff. William Angoff, mtaalamu wa upimaji, aliiandika mwaka 1971 ndani ya sura ndefu kuhusu mambo mengine ya upimaji, na namna tunayoitumia leo ilikuwa kwenye tanbihi, na mwenyewe alisema wazo ni la mwenzake Ledyard Tucker. Unakaa na walimu nane hadi kumi, mnapita swali moja moja, kila mmoja anajiuliza: nikichukua wanafunzi 100 wa mpakani, wangapi watalipata hili? Unapiga wastani wa makadirio ya wote kwa maswali yote, hiyo ndo alama yako ya kufaulu. Ikija 47 ni 47, ikija 61 ni 61. Pepa ngumu inashuka, pepa rahisi inapanda, mtu anayetakiwa kuvuka anabaki yule yule.

Kazi yote iko kwenye hilo neno mpakani, na hapa ndo huwa napoteza uvumilivu. Mwanafunzi wa mpakani siyo wa wastani! Wa wastani ameshavuka zamani. Na siyo yule mvivu wa nyuma pia. Ni yule anayetosha, kwa shida, lakini anatosha, ukimwacha zamu ya usiku kama intani, daktari mpya aliye mafunzoni, atakupigia simu mara sita ila hataua mtu. Ukikosea kumfikiria huyo, namba zako zote zimekosea.

Ngoja niwaonyeshe swali moja tulilobishania karibu dakika ishirini. Mgonjwa wa kisukari ameletwa na ketoasidosisi, yani damu imejaa asidi kwa kukosa insulini, anahema kwa nguvu, sukari iko juu sana, potasiamu iko chini, 2.9, kishapewa dripu ya maji. Hatua inayofuata? Majibu manne yana insulini kwa namna moja au nyingine, la tano linasema ongeza potasiamu kwanza, insulini isubiri. Jibu ni hilo la tano, kwa sababu insulini inasukuma potasiamu iingie ndani ya seli, na mtu ambaye tayari yuko 2.9 ukimshusha zaidi moyo wake unaweza kuchanganyikiwa mapigo na kusimama. Bingwa wetu wa homoni akaandika 95. Akasema kabisa, "hili kila mtu analijua". Daktari aliyekaa pembeni yake, ambaye kazi yake ya kila siku ni kusimamia maintani wadini, akaandika 40. Tukamwomba aeleze. Akasema wanafunzi wamekaririshwa ketoasidosisi ni maji na insulini, maji na insulini, wakiona sukari ile juu macho hayafiki kwenye potasiamu. Nikafungua matokeo ya swali la aina hiyo hiyo kutoka mwaka wa nyuma, darasa zima, wazuri na wabaya pamoja, walikuwa wamepata 52%. Bingwa akanyamaza kidogo, akashusha hadi 60.

Mnaona kwa nini hatumwachii mtu mmoja aamue kiwango? Bingwa akiachwa peke yake anaweka kiwango cha bingwa. Anasahau kwamba kuna siku hata yeye hakujua.

Ila nikiri jambo. Wakati mwingine mtu anashusha namba kwa sababu ameshawishika, wakati mwingine anashusha kwa sababu aliyeongea ni mkubwa wake. Nimeona chumba kizima kikisogea kumfuata profesa mmoja mwenye sauti. Siku hizi makadirio ya kwanza yanaandikwa kwenye karatasi kabla mtu yeyote hajafungua mdomo, ndo tunajadili, halafu kila mtu anaandika tena kimya kimya. Imesaidia, haijaponya. Na hata hivyo ukiniletea wajumbe wengine nane kesho kwa pepa ile ile sitegemei waje na namba ile ile, wanaweza kupishana alama mbili tatu. Hiyo alama ni hukumu ya watu wanaoijua kazi, imefanywa kwa utaratibu na inaweza kuelezwa. Haiko chini ya ardhi tunaichimba.

OSCE, yani mtihani wa vitendo ambao mwanafunzi anapita stesheni moja moja na kila moja ina kazi yake, ni habari nyingine. Daktari Ronald Harden na wenzake waliileta kule Dundee, Uskoti, mwaka 1975 kwa sababu mtihani wa zamani ulikuwa bahati, mgonjwa mmoja, watahini wawili, ukipangiwa mgonjwa mgumu na mtahini mkali umekwisha. Sasa wote wanapita stesheni zile zile. Kupata alama ya kufaulu pale mtahini anajaza cheklisti, halafu pembeni anatoa tathmini ya jumla: amefeli, mpakani, amefaulu, vizuri sana. Unachora mstari wa alama za cheklisti dhidi ya hizo tathmini, unasoma pale unapokutana na mpakani. Kila stesheni inatoa namba yake. Darasa likiwa dogo mstari unayumba, hilo lipo. Kinachonisumbua zaidi ni huruma. Mtahini anamwona mwanafunzi anatetemeka, anajua kabisa hafai, anazungushia mpakani badala ya amefeli. Anadhani amemsaidia mtoto mmoja kumbe amevuruga mstari wa darasa zima. Watahini wenzangu, nawaomba, andikeni mlichokiona.

Sasa kosa la kipimo, yani kiasi ambacho alama inaweza kupishana na uwezo halisi wa mtu, ambalo kwenye bodi likitajwa watu wanaanza kuangalia simu. Tuseme pepa ina uthabiti (kiasi ambacho ikirudiwa ingetoa matokeo yale yale, 1 ndo kamili) wa 0.84, ambayo ni pepa nzuri tu, na mtawanyiko wa alama ni 8. Kosa la kipimo ni 8 mara kipeuo cha pili cha 0.16 (1 toa 0.84), yani 3.2. Maana yake mwanafunzi aliyepata 56, ukihesabu kosa hilo mara mbili kila upande, uwezo wake halisi unaweza kuwa popote kati ya 50 na 62 hivi. Sasa tuseme alama ya kufaulu ni 58, na mwanafunzi mwingine ana 57. Je, hafai? Sijui, na pepa yenyewe haijui. Kuna vyuo vinaongeza kosa moja la kipimo juu ya alama ya kufaulu ili kumlinda mgonjwa, hasa mtihani wa mwisho, na naelewa kwa nini. Kuna wengine wanashusha ili kumlinda mwanafunzi. Mi nimewahi kumpa sapu, yani mtihani wa marudio, binti wa 57 na usiku ule sikulala vizuri, siyo kwa sababu nilivunja kanuni, kanuni ilikuwa wazi, ila nilijua wa 58 aliyekaa jirani yake huenda asijue zaidi yake hata kidogo. Dawa ninayoiamini ni kumpima mtu mara nyingi, na watahini wengi, wadini na darasani, halafu uamuzi mzito uje mwishoni ukiwa na ushahidi wa kutosha. Inakula muda na walimu hawana muda. Bado naidai kila kikao.

Turudi kwenye ile 47. Pepa ile ilikuwa ngumu, kesi ndefu, wajumbe waliona hivyo kabla mtihani haujafanyika. Baada ya mtihani tukapitia swali moja moja tukakuta mawili ambayo wanafunzi bora ndo walikosa na wa mwisho wakapata, moja ufunguo wa majibu ulikuwa umewekwa vibaya, lingine lilikuwa na majibu mawili sahihi. La kwanza tukalirekebisha, la pili tukalitoa na tukapiga hesabu upya kwa yaliyobaki. Hakuna aliyebebwa. Waliofeli kwa 46 wamefeli.

Nilimweleza mpasuaji wangu haya yote pale mlangoni, kwa kifupi, amesimama na funguo za gari. Hakukubali. Nikamwomba aje awe mjumbe kwenye kikao kijacho, maswali 120 ya upasuaji, akae na sisi kutwa nzima. Amesema atakuja Alhamisi. Nimeshamwekea karatasi yake ya kwanza, ataijaza kabla mtu hajasema neno.