Kutohoa katuni ya tashtiti kuwa filamu ya familia: maana yake nini?

Kutohoa katuni ya tashtiti ni kuchukua hadithi iliyochorwa ili kuwakejeli wakubwa, wababaishaji au mazoea ya jamii, kisha kuijenga upya iwe filamu ya vibonzo ambayo mzazi na mtoto wanaweza kuitazama pamoja. Wengi hudhani kazi yenyewe ni kuzipa mwendo na sauti picha zilizokwisha kuchorwa. Sivyo. Picha zikianza kutembea, kejeli ndiyo hupotea kwanza, na mtohoaji hodari ni yule anayeizuia isipotee.

Msomaji wa katuni ndiye mwenye saa. Akikuta mzaha umefichwa kwenye kibao nyuma ya mhusika, husimama, hurudi ukurasa wa nyuma, hucheka, kisha huendelea. Mtazamaji wa filamu hapewi nafasi hiyo. Kwa kawaida picha 24 humpita kila sekunde. Kwa hiyo mzaha uliokaa ndani ya kiputo cha maneno lazima ugeuzwe kitendo, kimya cha ghafla au sura ya uso. Juu ya hapo, kitini kuna mtoto asiyejua lolote kuhusu siasa wala bei za nyumba, na pembeni yake mtu mzima anayezijua vizuri mno. Filamu ya familia ni ile inayowachekesha wote wawili kwa tukio lilelile, kila mmoja kwa sababu yake.

Mfano mzuri ni Asterix, katuni ya Wafaransa René Goscinny na Albert Uderzo iliyoanza kuchapishwa katika jarida la Pilote mwezi Oktoba 1959. Juu juu ni habari za kijiji cha Wagauli, wenyeji wa kale wa nchi ambayo leo ni Ufaransa, kinachokataa kutawaliwa na Roma mwaka 50 kabla ya Kristo. Ndani yake wanaochekwa ni Wafaransa wa karne ya 20.

Filamu ya kwanza ya vibonzo ya Asterix, ya mwaka 1967, ilitengenezwa bila waandishi hao kushirikishwa. Baadaye walishiriki kuanzisha studio yao, na mwaka 1976 ikatoka hadithi iliyoandikwa mahususi kwa filamu, ya majaribio kumi na mawili. Jaribio moja linawataka Asterix na rafiki yake Obelix wapate kibali A38 katika jengo la ofisi za serikali. Wanapandishwa ngazi, wanashushwa, wanatumwa dirisha hili hadi lile. Mtoto anacheka mbio za ngazini. Mzazi anacheka kwa sababu naye amewahi kuambiwa aanzie dirisha lingine. Kisha Asterix anaomba kibali A39, ambacho hakipo, na sasa ni zamu ya makarani kuzunguka hadi wanachanganyikiwa. Hakuna anayehitaji kuelezwa chochote, na urasimu umepigwa papo hapo.

Kazi ngumu zaidi ni kutohoa kitabu chenye mlengwa wa zama zake. Kitabu cha Asterix kiitwacho Le Domaine des dieux (Makazi ya Miungu), cha mwaka 1971, kiliandikwa Ufaransa ilipokuwa ikijenga maghorofa kwa kasi pembezoni mwa miji. Kaisari, akiona jeshi limeshindwa, anaamua kuwaletea Wagauli majirani: msitu ukatwe, ghorofa zijengwe, Warumi wahamie. Wapangaji wanakuja kijijini kununua samaki, bei inapanda, na mara wanakijiji wanajigeuza wauza samaki na wauza vitu vya kale, wakigombania wateja. Hapo ndipo utamu ulipo. Kejeli haimchapi Kaisari peke yake. Inawageukia mashujaa wenyewe.

Alexandre Astier na Louis Clichy walipokitohoa mwaka 2014, waliongeza familia ya Kirumi yenye mtoto mdogo anayekuwa rafiki wa Obelix. Kwangu hilo ni ongezeko halali kabisa. Mtoto anayetazama anapata macho ya kuingilia ndani ya ghorofa, na tamaa ya wanakijiji haikusafishwa ili wapendeze. Wangeisafisha, wangebaki na msitu, ngumi na ile dawa ya kichawi inayowapa wanakijiji nguvu tu.

Kupunguza nako kuna namna yake. Morris, mchoraji wa katuni ya mchunga ng'ombe wa Marekani aitwaye Lucky Luke, alimwondolea mhusika wake sigara mwaka 1983 akampa unyasi mdomoni. Hadithi haikupoteza kitu, maana kejeli yake haikuwa juu ya uvutaji. Vivyo hivyo kwa yule mlinzi Mwafrika katika meli ya maharamia wa Asterix, aliyechorwa na midomo mikubwa myekundu kwa mazoea ya wachoraji wa Ulaya wa enzi ile. Mchoro huo haukuwa ukimkosoa mwenye nguvu yeyote, hivyo kuuondoa hakuidhoofishi tashtiti hata kidogo.

Kwa sura za watu halisi uamuzi unahitaji jicho kali zaidi. Kitabu cha Asterix cha mwaka 1976 kina kijana msomi wa uchumi anayefanana na Jacques Chirac, aliyekuwa waziri mkuu wa Ufaransa hadi mwaka huohuo. Mtoto wa leo hamjui. Lakini anaweza kuona mawe makubwa yasiyo na kazi yakinunuliwa kwa bei inayozidi kupanda, na wanakijiji wakiacha shughuli zao ili wayachonge. Mtohoaji anaweza kuibadili sura ya kijana huyo bila hasara. Biashara ya mawe ndiyo asiyopaswa kuigusa.