Ukutani maneno, kwenye turubai nyuso

Wanafunzi wangu wa uchoraji wa sura huniuliza mchoraji wa Marekani Jean-Michel Basquiat aliihamishaje grafiti yake, yaani maandishi ya kutani, kutoka mtaani hadi galari, ukumbi wa kuonyeshea na kuuzia sanaa. Huwajibu kwamba hakuihamisha. Mwaka 1978 yeye na rafiki yake Al Diaz walikuwa wakiandika kwenye kuta za New York kwa jina la SAMO, na kazi yao ilikuwa maneno matupu: vijembe vifupi, kwa herufi kubwa zilizosomeka bila taabu. Nyuso hazikuwamo. Na vingi waliviandika SoHo, mtaa wa wachoraji na wenye galari, ilhali vijana wengi wa grafiti wakati ule walikuwa wakihangaika na treni.

Mwaka 1981 Annina Nosei alimpa Basquiat nafasi ya kuchorea chini ya galari yake, na turubai kubwa. Vichwa vikamiminika.

Tazama kichwa alichokichora mwaka huohuo, kinachohifadhiwa katika jumba la makumbusho la The Broad, Los Angeles. Kina urefu wa zaidi ya mita 2. Sisi walimu hufundisha kuanzia nje: umbo la kichwa, kivuli, kisha ngozi. Basquiat anachora nje na ndani kwa pamoja, meno na mishono ya fuvu vikiwa wazi huku macho yangali hai. Ujuzi huo una chimbuko. Alipokuwa na miaka 7 aligongwa na gari, akatolewa wengu, na mama yake akampelekea hospitalini kitabu cha anatomia, Gray's Anatomy.

Alichojifunza ukutani ni mkono usiositasita. Anayeandika usiku akiogopa polisi hana muda wa kufuta, na kijiti cha rangi ya mafuta alichokipenda nacho hakifutiki kirahisi. Mstari ukikosewa, unabaki, na mwingine unapita juu yake. Hata maneno aliyakata kwa makusudi. Alieleza kuwa neno lililokatwa humfanya mtu alitazame zaidi.

Ndiyo maana huniuma kila ninapomsikia akiitwa mchoraji wa grafiti tu, jina ambalo mwenyewe hakulipenda. Hebu angalia picha aliyomchora bondia Sugar Ray Robinson mwaka 1982. Uso una mistari michache sana. Jina la bondia limeandikwa kwa herufi kubwa, kwa mkono uleule ulioandika kwenye kuta za SoHo, ila safari hii maneno yamepata mwenyewe.