Je, wajua kwa nini draiva, yaani programu inayoendesha kifaa, hukwama ikisubiri kifaa ambacho kiko tayari zamani?

Chukua kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 3. Ndani ya chipu yake mna PL011, kifaa cha kampuni ya Arm kinachotuma na kupokea herufi kupitia waya wa siriali. Ukitaka kutuma herufi A, hakuna amri maalumu. Unaandika namba 65 kwenye anwani 0x3F201000, vilevile unavyoandika kwenye kumbukumbu, na herufi inatoka upande wa pili. Mtindo huu una umri: PDP-11, kompyuta iliyotoka mwaka 1970, ilikuwa tayari ikizungumza na vifaa vyake hivyo hivyo.

Shida ni kwamba anwani ile inafanana na kumbukumbu, ila si kumbukumbu. Kumbukumbu ni mtungi: ulichotia ndicho utakachokikuta, na kuchungulia hakupunguzi maji. Rejista ya kifaa, yaani kisanduku chake cha kuandikiwa na kusomwa kupitia anwani, haina tabia hiyo. Ukiisoma 0x3F201000 huipati tena ile A yako. Unapewa herufi iliyoingia kutoka nje, na kwa kuisoma tu umeshaitoa kwenye foleni. Ukirudia kusoma ili ujihakikishie, umepoteza herufi nyingine.

Sasa tuangalie kukwama kwenyewe. Foleni ya kutuma ya chipu hii hubeba herufi 16. Ikijaa, biti namba 5 ya rejista ya hali, iliyo baiti 24 mbele ya anwani ya mwanzo, huwa 1. Basi mtu anaandika kwa lugha ya C, hali ikiwa kielekezi (kinachobeba anwani) cha rejista hiyo:

while (*hali & (1 << 5));

Yaani, maadamu foleni imejaa, subiri. Kompaila, programu inayotafsiri C kuwa lugha ya mashine, inautazama mstari huu, haioni chochote ndani ya kitanzi kinachobadilisha thamani ile, na inajiona ina haki ya kuisoma mara moja tu, kisha kuzunguka juu ya nakala yake. Foleni inaisha, kifaa kinakaa bure, programu bado inazunguka. Kinachochanganya zaidi ni kwamba bila uboreshaji wa kompaila kila kitu huenda sawa. Ukiweka -O2, yaani ukiwasha uboreshaji huo, ndipo mambo yanasimama. Wengi hapo huilaumu kompaila. Haina kosa: iliambiwa hiyo ni kumbukumbu, ikaamini.

Neno volatile kwenye tangazo la kielekezi huitibu kasoro hiyo, kwa kuilazimisha kompaila isome kila mara. Lakini dawa hiyo inaishia kwa kompaila. Prosesa nayo ina imani zake. Ina kashe, hifadhi ndogo ya haraka ya nakala za kumbukumbu, inayoweza kukupa thamani ya zamani bila kukigusa kifaa, na ina desturi ya kupanga upya mpangilio wa kusoma na kuandika. Fikiria draiva ya kadi ya mtandao: inaandaa pakiti kwenye kumbukumbu, kisha inaandika kwenye rejista kuiambia kadi itume. Agizo likifika kabla ya pakiti kukamilika, kadi inatuma takataka, na kosa hilo linaweza kutokea mara moja kwa wiki, mahali usipoangalia.

Ndiyo maana kwenye Linux hatukimbilii volatile. Kwanza draiva hulichukua eneo la anwani kwa jina lake, ili draiva mbili zisigombanie kifaa kimoja (orodha ya maeneo hayo iko kwenye /proc/iomem). Halafu ioremap, kazi ya kerneli (kiini cha Linux), humpatia mwandishi anwani isiyopita kwenye kashe. Kusoma ni kwa readl na kuandika ni kwa writel, ambazo ndani yake zina vizuizi vya mpangilio: kilichoandikwa kwenye kumbukumbu kabla ya writel kitaonekana na kifaa kabla ya agizo lenyewe. Anwani pia haiandikwi kwa mkono ndani ya draiva. Mwongozo wa chipu ya Pi unasema 0x7E201000, prosesa ya Pi 3 inaiona 0x3F201000, na kwenye Pi 4 ni 0xFE201000. Kerneli huipata kwenye maelezo ya bodi.

Kwa vifaa vya PCI Express, njia ya kuunganisha kadi na kompyuta, kuna jambo jingine. Unachoandika kinaweza kuchelewa njiani, hivyo ukitaka uhakika kwamba kimefika kabla hujaanza kuhesabu muda, unasoma rejista ya kifaa hicho hicho. Jibu halirudi mpaka maandishi yaliyotangulia yapite. Na kadi ikichomolewa, kwa kawaida kusoma kunarudisha 0xFFFFFFFF, biti zote zikiwa 1. Kitanzi kama kile chetu, hata kikiwa na readl, kingeona foleni imejaa daima na kukwama upya. Kwa hiyo kusubiri huwekewa kikomo, na kerneli ina readl_poll_timeout kwa kazi hiyo: muda ukiisha, draiva inarudisha kosa na mashine inaendelea na kazi nyingine.