Kwa nini darasa la Kiingereza, la uraia na la kompyuta sasa ni moja

Tangu muhula huu uanze tumepokea malalamiko mengi kutoka kwa wanafunzi wanaozungumza Kiswahili, hasa ndugu zetu Wakongomani na Warundi wa hapa Louisville, Kentucky. Madai yenyewe ni mawili. La kwanza, kwamba mtu amekuja kujifunza Kiingereza na badala yake anakalishwa mbele ya kompyuta. La pili, kwamba lile darasa la uraia la jioni, ambamo mwalimu alisoma swali na watu wote wakajibu kwa pamoja kama kwaya ya Jumapili, limefutwa bila sababu. Wanaolalamika wana nia njema, na wengi wao wanakuja darasani wakiwa wametoka zamu ya usiku ghalani. Wanastahili maelezo.

Darasa halijafutwa, limeunganishwa. Sheria ya shirikisho ya mwaka 2014 kuhusu elimu ya watu wazima na ajira, inayojulikana kwa kifupi WIOA, ina kifungu cha 243 kinachotoa fedha kwa masomo yanayofunza Kiingereza pamoja na haki na wajibu wa raia, huku yakimwandaa mtu kwa kazi. Matumizi ya kompyuta yanahesabiwa humo. Lakini hata sheria isingesema hivyo, bado tungeunganisha, na sababu kubwa utaiona kwenye ofisi ya leseni ya udereva.

Unafika dirishani, au unakaa mbele ya skrini, na maswali yanaanza: jina, urefu, rangi ya macho, kuchangia viungo vya mwili ukifa. Katikati yake linakuja swali kama unataka kujiandikisha kupiga kura, na lingine kama wewe ni raia wa Marekani. Sheria ya mwaka 1993 ndiyo iliyozipa ofisi za leseni kazi ya kuandikisha wapiga kura. Mtu mwenye haraka, aliyezoea kubonyeza "ndiyo" ili ukurasa usonge mbele, anabonyeza. Mwenye grini kadi (kibali cha ukazi wa kudumu), kwa kuwa si raia, akipiga kura katika uchaguzi wa shirikisho, anaweza kufungwa hadi mwaka 1. Kudai uraia kwa uongo, kwa kujua, ili uandikishwe kupiga kura, ni kosa linaloweza kuleta kifungo cha hadi miaka 5. Juu ya hayo kuna suala la kuondolewa nchini, na hapo misamaha ni michache mno. Sasa niambieni: swali lile kwenye skrini ni la Kiingereza, la uraia, au la kompyuta?

Na usidhani limeisha siku ile. Miaka baadaye, katika fomu N-400, yaani fomu ya kuomba uraia, unaulizwa kama umewahi kudai kuwa raia na kama umewahi kujiandikisha kupiga kura. Hapa ndipo dhana potofu kubwa kuliko zote ilipo. Watu wengi wanaamini mtihani wa uraia ni yale maswali ya historia tu. Wanayakariri garini, jikoni, hata kanisani. Lakini ofisa wa USCIS, idara ya serikali inayoshughulikia uhamiaji na uraia, hupima pia Kiingereza chako cha kuzungumza kwa kupitia majibu ya fomu yako pamoja nawe. Anayejua jina la rais wa kwanza lakini haelewi anapoulizwa kama amewahi kudaiwa kodi na hakulipa, hajajiandaa. Tumelisema hili kila mkutano, na kila mkutano kuna anayesimama kuomba karatasi ya maswali tu.

Kuhusu maswali yenyewe, utaratibu ni huu. Ukiwasilisha N-400 tarehe 20 Oktoba 2025 au baada yake, unafanya mtihani mpya. Orodha ina maswali 128, unaulizwa hadi 20, na lazima upate 12. Ofisa anasimama ukishafikisha 12 sahihi, au ukishakosa 9. Aliyewasilisha kabla ya tarehe hiyo anabaki na mtihani wa zamani: orodha ya maswali 100, anaulizwa hadi 10, anatakiwa kupata 6. Tarehe inayohesabiwa ni ya kuwasilisha fomu, si ya mahojiano. Narudia: si ya mahojiano. Kusoma na kuandika hakujabadilika. Unapewa hadi sentensi tatu na unatakiwa kufaulu moja. Ukifeli sehemu yoyote, unaitwa tena kati ya siku 60 na 90 kwa sehemu ile tu. Ukifeli tena, ombi linakataliwa, na ukitaka kurudi unajaza upya na kulipa upya.

Wazee wetu wasidanganywe kwamba umri peke yake unawaondolea Kiingereza. Lazima uwe na miaka 50 na umekaa miaka 20 ukiwa mkazi wa kudumu, au miaka 55 na umekaa miaka 15. Hata hapo maswali ya uraia yapo palepale, unayajibu kwa lugha yako kupitia mkalimani. Mwenye miaka 65 na ukazi wa miaka 20 ana orodha fupi ya maswali 20.

Kompyuta inaingia wapi? Kwenye ada, kwanza. N-400 mtandaoni ni dola 710, kwa karatasi ni 760. Wenye kipato kidogo wanaweza kuomba kupunguziwa ada ili walipe dola 380 tu, ila hao wanatumia karatasi. Na hata karatasi haikuepushi na mambo ya benki, kwa maana tangu mwisho wa Oktoba 2025 USCIS haipokei tena hundi wala mani oda, isipokuwa kwa wachache waliosamehewa. Unalipa kwa kadi ukiambatanisha fomu G-1450, au moja kwa moja kutoka akaunti ya benki kwa fomu G-1650.

Pili ni barua pepe. Mzazi anafunguliwa akaunti ya USCIS na mtoto wake, kwa barua pepe ya mtoto, na msimbo wa kuthibitisha unakuja kwenye simu ya mtoto. Kisha mtoto anaenda chuo jimbo lingine, au anabadilisha namba. Taarifa ya miadi ya alama za vidole inakaa humo bila kusomwa. Ukikosa miadi bila kutoa taarifa, ombi linaweza kuhesabiwa umelitelekeza. Watu hawahawa wanatuma pesa Uvira na Bujumbura kwa simu bila kukosea tarakimu moja, kwa hiyo msituambie kompyuta ni ya vijana.

Somo la kuhama nyumba linaonyesha tunavyofanya. Asiye raia anatakiwa kuijulisha USCIS anwani mpya ndani ya siku 10. Asipofanya hivyo anaweza kutozwa faini au kufungwa hadi siku 30. Darasani wanafunzi wanaanza kwa kutaja anwani zao kwa sauti, wawili wawili, mmoja anaandika anachosikia. Halafu wanaijaza kwenye ukurasa wa mazoezi. Hapo makosa yanajitokeza: namba ya apatimenti imewekwa mahali pa namba ya nyumba, jina la ukoo limekaa kwenye jina la kwanza, na tarehe imepinduliwa, kwa sababu hapa mwezi unatangulia siku. Anayetimiza mwaka mmoja zaidi tarehe 5 Agosti anajikuta amezaliwa Mei. (Walioandikiwa kambini, ukimbizini, kwamba wamezaliwa Januari mosi wameponea hapo, maana 1/1 haipinduki.) Mwalimu hasahihishi upesi. Mwanafunzi anatakiwa aseme kwa Kiingereza kosa liko wapi, kisha alirekebishe mwenyewe.

Tahadhari moja. Fomu za USCIS zinapakuliwa bure, na tovuti ya kweli inaishia kwa .gov. Yule anayejaza fomu sebuleni kwa malipo taslimu si mwanasheria, na fomu ikiwa na uongo aliyeutia saini ni wewe. Kituo chetu nacho si ofisi ya sheria. Aliyewahi kukamatwa, kupiga kura au kukaa nje ya nchi miezi 6 au zaidi amwone wakili, au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria, kabla ya kubofya chochote.

Usajili: uje mwenyewe, uwe na umri wa miaka 16 au zaidi na usiwe umeandikishwa shule ya sekondari. Utafanya jaribio la kupima kiwango. Tafadhali msimlete mjukuu akae kando kunong'oneza majibu, kwa sababu mtapangwa darasa la juu na wiki ya pili mtaacha kuja. Serikali ya shirikisho haimhesabu mtu kuwa mwanafunzi mpaka afikishe saa 12 za masomo, na asiyehesabiwa hatuletei fedha za kumlipa mwalimu. Beba simu yako, chaja yake, na anwani unayoishi sasa. Nywila ya barua pepe ije kichwani mwako, siyo kwenye simu ya binti yako.