Je, wajua? Penrose si peni wala si rozi

Mwaka 2020 wakati Nobel ya fizikia inatangazwa, nusu nzima alipewa mzee mmoja Mwingereza anaitwa Roger Penrose, nusu iliyobaki wakagawana Reinhard Genzel na Andrea Ghez. Mzee alionyesha kwa hesabu kwamba mashimo meusi ya huko angani yanatoka moja kwa moja kwenye nadharia ya Einstein, yaani si ndoto za watu. Sasa mimi fizikia tuliachana nayo zamani, kwa hiyo badala ya kushangaa mashimo nikabaki nashangaa jina. Peni. Rozi. Nikajiuliza mababu zake huyu walikuwa makarani wenye bustani ya maua au vipi?

Kumbe wala, hamna peni hapo na hamna ua lolote, na jina lenyewe hata si la Kiingereza.

Ni jina la Cornwall, ile ncha ya kusini magharibi ya Uingereza iliyochomoka kama mguu kuingia baharini. Huko zamani walikuwa na lugha yao, Kikorni, ambayo haina undugu wa karibu na Kiingereza kabisa, ndugu zake ni Kiwelisi cha Wales na Kibretoni cha kule Ufaransa. Kwa Kikorni pen ni kichwa, na kama ilivyo kawaida ya neno kichwa linasogea likawa pia kilele, ncha, mwisho wa kitu. Ros nayo ni ile nyika ya vichaka vifupi isiyolimwa, na sehemu nyingine ni ardhi iliyochomoza. Ukiziunganisha unapata "mwisho wa nyika" au "kichwa cha nyika", inategemea na eneo lenyewe lilivyokaa.

Kwa mtu wa pwani hii si ngeni hata kidogo. Sisi tunasema rasi, Ras Nungwi kule Unguja, Ras Kazone pale Tanga, na rasi tumeitoa kwenye Kiarabu ambako maana yake ya kwanza ni kichwa tu, kichwa hiki hiki chenye nywele. Nchi ikiingia baharini mtu anaona kichwa, Mwarabu kaona na Mkorni kaona, bila kuulizana.

Tatizo lilianza pale Kiingereza kilipokuja kukaa juu ya Kikorni. Mtu asiyejua lugha akasikia "ros" akaandika kama ua, basi imeganda hivyo mpaka leo. Ila sikiliza wenyeji wakilitamka, mkazo wanauweka mwisho, pen-ROZ, wakati Mwingereza wa kwingine anaubana mwanzoni, PEN-roz. Na majina mengi ya Cornwall yana hiyo tabia, uzito unaenda kwenye lile neno la pili linalotofautisha mahali na mahali, kwa sababu pen ziko kibao, swali ni pen ipi.

Sasa mahali panageukaje kuwa ukoo? Hapa ndo utamu ulipo. Kuna bwana mmoja wa huko huko, Richard Carew, mwaka 1602 alitoa kitabu kuhusu Cornwall na ndani yake kuna kale ka msemo kwamba kwa Tre, Pol na Pen utawajua watu wa Cornwall. Tre ni shamba au makazi, pol ni dimbwi, pen ndo hiyo tumeshaiongelea. Lakini cha maana zaidi alieleza watu walivyokuwa wanaitana: John mtoto wa Thomas anayekaa Pendarves anaitwa John Thomas Pendarves, jina lake, la baba, halafu anapokaa. Soma tena taratibu. Hivi si ndo sisi hawa? Juma Ali, na kama kwao Lamu basi mwishoni unaongeza el-Lamy, na kuna akina Farsy ambao jina lao linataja mababu walikotoka.

Tofauti ni kwamba nisba ya kwetu, yaani hilo jina la asili kama el-Lamy, inakumbuka ulikotoka hata ukihama mara kumi, wao ilikuwa inafuata unapoishi sasa hivi. Carew anasema wapo watu, hata waheshimiwa, waliobadilisha majina kwa kuhama nyumba tu! Leo Penrose, ukinunua shamba bonde la pili wewe ni mwingine. (Fikiria ungekuwa mdai wa mtu wa hivyo.)

Na kwa vile nyika zina miisho mingi, Penrose hazikuwa moja. Kuna ile maarufu karibu na Porthleven, kando ya ziwa la Loe Pool, ambayo ilikuwa ya ukoo wa Penrose wenyewe kwa miaka mingi mpaka ikauzwa 1771 kwa akina Rogers, leo watu wanaenda kutembea pale na mbwa wao. Kuna nyingine St Ervan, nyingine Sennen karibu kabisa na mwisho wa nchi, na kule Wales kuna Penrhos ambayo ni neno lile lile. Kwa hiyo ukikutana na Penrose wawili usikimbilie kusema ni ndugu, inawezekana wanachoshiriki ni vichaka tu.

Majina mengine ya huko yakifunguliwa yanachekesha kwa utamu. Chegwidden ni "nyumba nyeupe". Pentreath ni "mwisho wa ufukwe", na huyo Dolly Pentreath, muuza samaki wa Mousehole aliyefariki 1777, ndiye wengi wanamtaja kama mtu wa mwisho kukua akiongea Kikorni, japo wabishi wapo. Angove ni "mhunzi", na hapo yupo Michael An Gof, mhunzi wa kijiji cha St Keverne aliyeongoza watu kwa miguu mpaka London mwaka 1497 kupinga kodi ya vita ya mfalme Henry wa Saba, wakashindwa, akanyongwa.

Umaarufu je? Hapa msemo wa Carew unadanganya kidogo. Ukienda Cornwall ukahesabu majina, yanayoongoza si Tre wala Pen, ni akina Williams, Thomas, Richards, yaani majina ya baba. Watu wa kawaida wengi, hasa upande wa magharibi, walichelewa kuwa na jina moja la ukoo lililotulia, na lilipotulia likatulia kwenye jina la baba. Penrose lipo, si adimu, ila si la kila mlango.

Lilichofanya ni kusafiri. Cornwall iliishi kwa migodi ya bati na shaba, na shaba ilipoanguka vibaya miaka ya 1860 wachimbaji wakatawanyika, Moonta kule Australia, Mexico, California, baadaye dhahabu ya Johannesburg, mpaka ikawa inasemwa kwamba popote kwenye shimo ardhini, chini utamkuta Mkorni. Lakini si wote waliondoka na sururu. Kuna Penrose walikuwa Ireland mapema, George na William ndo walioanzisha kiwanda cha vioo cha Waterford mwaka 1783. Hata yule mzee wa Nobel kazaliwa Essex, na babu yake James Doyle Penrose alikuwa mchoraji wa Ireland. Familia yenyewe inatisha: mdogo wake Jonathan alikuwa bingwa wa chesi wa Uingereza mara 10, na mwaka 1960 kule Leipzig akampiga Mikhail Tal aliyekuwa bingwa wa dunia.

Halafu kuna Spencer Penrose, wa ukoo wa Philadelphia, aliyetajirika kwa dhahabu ya Cripple Creek kule Colorado, Marekani, na shaba ya Utah, ndiye aliyejenga hoteli ya Broadmoor iliyofunguliwa 1918. Kuna kamji huko Colorado, pakavu, mbali na bahari yoyote, kameitwa Penrose kwa heshima yake. Jina lilitoka kwa ardhi likaingia kwa mtu, na mtu akalirudisha kwenye ardhi nyingine, na kwenye kibao cha barabarani pale Colorado bado limeandikwa kama ua.