Moyo Unapodunda, Chunguza Umedundia Nini

Dodoma ina wageni wengi: watumishi waliohamia na wizara zao, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), wafanyabiashara. Wengi hawana shangazi wala jirani wa zamani wa kuwaulizia habari za mchumba. Hapo mtu hubaki na hisia zake tu, nazo hupotosha kwa njia zinazojulikana.

Ukaribu ni mojawapo. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha kwamba kitu tunachokiona mara kwa mara huanza kutupendeza hata kama hatujakijua zaidi. Mpangaji mwenzako, au abiria mnayepanda naye daladala kila asubuhi, anaweza kukuvutia kwa namna hiyo. Si vibaya, lakini bado hujaijua tabia yake.

Msisimko hupotosha zaidi. Mwaka 1974 Dutton na Aron walifanya utafiti kwenye daraja refu la kuning'inia la Capilano, Kanada. Wanaume waliovuka daraja hilo linaloyumba walimpigia simu baadaye msichana aliyewahoji kwa wingi zaidi kuliko wale waliovuka daraja imara. Watafiti walieleza kwamba hofu ilichukuliwa kuwa mvuto, kwa kuwa dalili zinafanana: mapigo ya moyo kwenda mbio, viganja kulowa jasho. Ndiyo maana uhusiano wa kugombana na kupatana, au wa kusubiri ujumbe usiojibiwa, huweza kuonekana kama penzi zito. Tunaomba vijana walitafakari sana hili.

Kabla ya kuahidiana, muone mwenzako akiwa amechoka, akiwa na haraka, na mnapogawana fedha kidogo. Mkatalie jambo dogo, kwa mfano kubadili siku ya kukutana. Je, anauliza sababu, ananuna siku mbili, au anakulaumu? Angalia pia anavyomsemesha mama lishe na kondakta, watu ambao hana cha kutafuta kwao.

Ulizaneni mapema kuhusu madeni, watoto na wazazi mnaowatunza. Pimeni VVU na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Wote wawili mkiwa mmebeba kinasaba cha selimundu bila kuugua, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto kuugua. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya kusudio la ndoa itolewe angalau siku 21 kabla, na kuanza kuulizana wakati huo ni kuchelewa mno.

Akikupiga au kukutenga na ndugu zako, acha kumchunguza. Waambie ndugu, kisha nenda Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi.